Mto Kongo katika Vinywa vya Washairi wa Marekani

Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya washairi wa Marekani. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya chuo kikuu, na kwamba baba anayeshona nyavu zake na mama anayepanga samaki wa kupeleka sokoni kesho alfajiri hawana haja nayo. Mimi nasema haja wanayo.

Maji ya ziwa letu la Tshangalele, hapa karibu na Likasi, hayakai mahali pamoja. Yanapita kwenye mitambo ya umeme ya Mwadingusha, yanateremka Koni, yanaufuata mto Lufira kwenda kaskazini mpaka yanakutana na Lualaba kule kwenye maziwa ya Upemba. Na Lualaba, tulivyofundishwa tangu shule ya msingi, ndio mto Kongo wenyewe kabla haujaitwa hivyo. Basi mto huo unatajwa katika mashairi ya Marekani tangu zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Humo umetukanwa, umependwa, umeliliwa. Wengi waliouandika walikuwa hawajauona hata mara moja. Sisi tunaovua samaki katika maji yanayoulisha tuna haki ya kusikia walisema nini, kisha tuseme na sisi tunaonaje.

Nianze na shairi ambalo mimi silipendi, kwa sababu ndilo lililovuma kuliko mengine. Mwaka 1914 Vachel Lindsay, mtu wa mji wa Springfield katika jimbo la Illinois, alitoa shairi refu liitwalo "The Congo". Lilianzia kanisani. Lindsay alikuwa ameketi akisikiliza mahubiri, na mhubiri akasimulia habari za mmisionari aliyekufa maji katika tawi moja la mto Kongo. Habari hiyo ikamkaa moyoni. Akaongeza aliyoyasoma katika vitabu vya wazungu waliopita huku, akachanganya na ngoma na vituko alivyoviona kwenye majukwaa ya kwao, akaandika. Pembeni mwa beti akaweka maelekezo ya namna ya kulitamka: hapa sauti nzito, hapa polepole, hapa kwa kunong'ona. Mwenyewe alipolisoma alikuwa akipaza sauti, akiyumba, akitupa mikono, na kumbi zilijaa watu. Ukilisikia likisomwa vizuri, mwili unatikisika, na siwezi kukataa kwamba mtu yule alijua kazi ya sauti.

Lakini ni Kongo gani hiyo? Ni giza, mifupa, wachawi na watu wanaokula watu. Hakuna mtu wa Kongo mwenye jina humo; anayetajwa ni Leopold, mfalme wa Wabelgiji, ambaye Lindsay anamweka motoni kwa ajili ya wale aliowakata mikono. Kwa sehemu hiyo namshukuru, na ndiyo iliyompa Adam Hochschild jina la kitabu chake, *King Leopold's Ghost*, kilichotoka 1998. Sehemu nyingine zote ni ndoto ya kutisha ya mtu aliyelala mbali.

Linganisheni na mwaka wenyewe. Mwaka 1914 kampuni ya migodi ya Union Minière ilikuwa na umri wa miaka minane. Reli ilikuwa imefika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ilimiminwa kule 1911. Wanaume walikuwa wakitolewa vijijini kwenda kuchimba, wakilala katika vibanda vilivyosongamana, wengi wao wakifa kwa homa ya mapafu. Hiyo ndiyo Kongo ambayo mshairi angeikuta kama angepanda meli na treni akaja kuitazama: watu wenye mikataba ya kazi, wenye kikohozi, wenye wake waliobaki nyumbani wakingoja habari. Mtu aliyefika hapa angeweza kuandika shairi zito kuliko lile, wala asihitaji kumtia mchawi hata mmoja.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Mwishoni mwa mwaka 1925 Lindsay alifikia hoteli ya Wardman Park, mjini Washington, ambako alikuwa asome mashairi yake jioni. Katika chumba cha kulia palikuwa na kijana mweusi aliyekuwa akiondoa sahani mezani. Kijana huyo alikuwa ameandika mashairi matatu kwenye karatasi. Alipopita kwenye meza ya mgeni mashuhuri akaziweka karatasi kando ya sahani yake, akasema maneno machache, akatoweka jikoni kwa haya. Jioni ile Lindsay alisimama mbele ya watu akasema amegundua mshairi, akayasoma mashairi yote matatu. Kesho yake asubuhi waandishi wa magazeti walikuwa wakimngoja mwondoa sahani.

Kijana huyo ni Langston Hughes. Kusema kweli hakuwa mgeni katika uandishi, maana mashairi yake yalikuwa yamekwisha kutoka magazetini, na kitabu chake cha kwanza, *The Weary Blues*, kilikuwa njiani, kikatoka Januari 1926. Hata hivyo usiku ule ulimfungulia milango. Nami kila nikikifikiria kisa hiki nashindwa kumtupa Lindsay moja kwa moja. Mkono ulioandika "The Congo" ndio huo huo ulioinua karatasi za Hughes juu ili watu wote wazisikie. Binadamu ana mambo mawili mawili ndani yake, na mshairi ni binadamu.

Hughes alikuwa amekwisha kuandika Kongo yake. Ilikuwa mwaka 1920, naye ndio kwanza ametoka shule ya sekondari. Alikuwa ndani ya treni akienda Mexico kwa baba yake, mtu ambaye hawakuelewana hata kidogo, kwa sababu baba aliwadharau watu weusi wenzake na mwana aliwapenda. Karibu na St. Louis treni ikapanda daraja juu ya mto Mississippi, jua likizama. Kijana akatoa bahasha mfukoni, akaandika nyuma yake shairi fupi sana, "The Negro Speaks of Rivers". Likachapishwa Juni 1921 katika gazeti la *The Crisis*, lililoongozwa na W.E.B. Du Bois.

Katika shairi hilo anataja mito minne: Frati, Kongo, Nile na Mississippi. Tazameni anauweka wapi mto wetu. Kando ya Frati anaweka mwanzo wa watu, kando ya Nile anaweka majengo makubwa, kando ya Mississippi anaweka habari za watumwa na ukombozi wao. Na kando ya Kongo anaweka nyumba ya mtu na usingizi wa amani. Hamna hofu wala mfupa. Ni mtu aliyejenga kwake, akalala, na mto unapita. Yeye pia hakuwa ameuona. Alikuwa kijana wa Missouri anayewaza mababu. Lakini mtu anayeota ndoto juu ya nchi ya watu kwa heshima si sawa na anayeiota kwa woga, na msikilizaji wa Likasi anaisikia tofauti hiyo hata kabla hajaelezwa.

Mwaka ule ziwa letu lilikuwa halijazaliwa. Lufira ilikuwa ikianguka wazi kwenye maporomoko ambayo Wabelgiji waliyaita Cornet. Bwawa lilijengwa baadaye, na mitambo ilianza kazi 1930 ili kuipa Union Minière umeme. Mabonde yaliyofunikwa na maji ndiyo leo mnakotupa nyavu. Kwa hiyo shairi hili ni kubwa kwa umri kuliko Tshangalele yenyewe, jambo ambalo hunishangaza kila nikilikumbuka.

Mwaka 1923 Hughes alipata kazi melini, akasafiri pwani ya magharibi ya Afrika. Meli ilipotoka tu New York alishika vitabu vyake akavitupa baharini kimoja baada ya kingine, kwa kuwa alitaka kuiona dunia kwa macho yake mwenyewe. Mwandishi wa maisha yake, Arnold Rampersad, anasema kimoja alikibakiza: *Leaves of Grass* cha Walt Whitman.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo, maana Hughes hakuanguka kutoka mbinguni. Whitman alikuwa fundi wa kupanga herufi katika mitambo ya uchapaji. Mwaka 1855, huko Brooklyn, alikitoa kitabu hicho kwa fedha zake mwenyewe, mashairi kumi na mawili tu, bila vina wala mizani ya kuhesabu. Sisi tuliolelewa na utenzi tunaweza kuuliza ushairi uko wapi hapo. Uko katika pumzi. Mistari yake ni mirefu, inataja seremala, mpiga makasia, mwanamke anayeshona, mtumwa aliyetoroka, kila mtu kwa kazi yake, na anayesikiliza anaona nchi nzima ikipita mbele yake. Anayeijua kasala ya Waluba, ambamo msemaji anataja majina na sifa za watu mpaka aliyetajwa anatokwa machozi, hatapata taabu kumwelewa Whitman.

Na kabla ya Whitman alikuwapo Phillis Wheatley. Mtoto huyu alitekwa Afrika Magharibi, akafikishwa Boston 1761 akiwa na umri wa miaka kama saba au minane, akauzwa. Phillis ni jina la meli iliyomleta, na Wheatley ni jina la familia iliyomnunua. Alijifunza kusoma, akaandika mashairi, na ilibidi waheshimiwa kumi na wanane wa Boston watie sahihi kuthibitisha kwamba mtumwa huyo ndiye aliyeyaandika kweli. Boston haikumchapisha. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1773. Kitabu cha kwanza cha mashairi cha mtu mweusi wa Marekani kilitoka hivyo, kwa hati ya mashahidi.

Miaka zaidi ya mia baadaye akaja Paul Laurence Dunbar wa Dayton, Ohio, mwana wa watu waliokuwa watumwa, aliyekuwa akiendesha lifti katika jengo la ofisi na kuandika mashairi katikati ya abiria. Alikuwa na sauti mbili. Alijua Kiingereza cha vitabuni, na alijua kile cha watu weusi wa mashambani. Wasomaji wazungu walikuwa wakimsifu kwa hiki cha pili tu, na jambo hilo lilimuumiza mpaka alipokufa 1906, akiwa na miaka 33. Sisi watu wa Katanga tunayajua maumivu hayo. Kiswahili chetu kimechekwa mara ngapi na watu wa pwani, na mara ngapi watoto wetu wamefundishwa kukionea haya? Hughes aliyatazama maumivu ya Dunbar akachagua njia yake: akachukua lugha ya watu wa Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, jinsi walivyoisema, na mwendo wa nyimbo zao za blues, akaandika navyo bila kuomba radhi. Kwa uamuzi huo peke yake namhesabu kuwa ndugu.

Sasa nifike mwaka 1961, na hapa naomba kimya, maana hapa habari inaingia nyumbani kwetu.

Jumanne tarehe 17 Januari 1961, usiku, Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi porini Shilatembo, upande wa barabara itokayo Lubumbashi kuja kwetu Likasi. Mnaosafiri njia hiyo kwa basi mnapajua. Wauaji walificha habari.

Siku tatu baadaye, tarehe 20 Januari, John Kennedy aliapishwa kuwa rais mjini Washington. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hiyo mshairi alialikwa kusoma kwenye kiapo cha rais. Alikuwa Robert Frost, mzee wa miaka 86. Theluji ilikuwa imeanguka usiku, jua la mchana likaipiga ikang'aa kwa ukali. Frost alishika karatasi ya shairi alilolitunga kwa ajili ya siku hiyo, akasoma mistari michache, macho yakashindwa. Lyndon Johnson akainuka, akamkinga kwa kofia yake. Haikusaidia. Basi mzee akaiacha karatasi, akasema kwa kichwa shairi lake la zamani, "The Gift Outright", na sauti yake haikutetereka.

Nalipenda tukio hilo. Nampenda mzee aliyesalitiwa na macho akaokolewa na kumbukumbu, kama inavyostahili mshairi wa kweli. Lakini shairi lenyewe linazungumzia ardhi ya Marekani na watu walioimiliki kabla hawajajua kuwa ni wana wake, na wenyeji wa asili, waliokuwa juu ya ardhi hiyo kwa maelfu ya miaka, hawamo kabisa. Mtu wa Katanga ana sikio kwa jambo hilo. Ardhi yetu nayo iligawanywa kwa hati za makampuni kana kwamba hapakuwa na mtu. Uraniamu ya Shinkolobwe, hapo jirani yetu, ilikwenda Marekani ikatumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima 1945, na waliokaa juu yake hawakuulizwa. Wakati Frost akisema juu ya ardhi na zawadi, mwili wa Lumumba ulikuwa mikononi mwa watu walioupoteza kwa tindikali ili asipate hata kaburi.

Dunia iliambiwa tarehe 13 Februari, na aliyetangaza ni Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyokuwa imejitenga. Siku mbili baadaye, New York, Adlai Stevenson, balozi wa Marekani, alikuwa akizungumza mbele ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Ghafla watu weusi wa Marekani wakasimama kwenye viti vya wageni, wanawake wengine wakiwa wamejitanda vitambaa vyeusi vya msiba, wakapiga kelele. Walinzi wakawavamia, ikawa vurugu. Mmoja wa wanawake walioipanga shughuli ile ni Maya Angelou. Wakati huo alikuwa mwimbaji na mcheza jukwaani, na hakuwa amechapisha kitabu. Miaka ishirini baadaye aliisimulia siku hiyo katika *The Heart of a Woman*, jinsi walivyotarajia watu wachache wakakuta umati umewatangulia mlangoni. Nje ya jengo alikuwapo mshairi mwingine kijana, LeRoi Jones, naye akapigwa na polisi na kukamatwa.

Niliwahi kumsomea mama mmoja mzee wa Kapolowe habari hii. Alinyamaza, kisha akauliza kama wale wanawake walikuwa na ujamaa wowote na Lumumba. Nikamwambia hapana. Akasema basi walilia kama inavyopaswa, kwa sababu hapa wakati ule hakuna aliyeweza kulia mlangoni pake bila kuogopa.

Hughes naye aliandika. Shairi lake "Lumumba's Grave" limo katika *The Panther and the Lash*, kitabu kilichotoka 1967, mwaka uleule aliofariki. Ni shairi dogo. Linasema waliomzika bila alama hawakufanikiwa kumficha. Hughes hakujua kwamba hata huo mwili haukubaki. Mwezi Juni 2022 jeneza lenye jino moja la Lumumba, lililorudishwa kutoka Ubelgiji, lilipitishwa Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Kwa hiyo shairi lililoandikwa Harlem lilitangulia msiba huo wa 2022 kwa zaidi ya nusu karne. Majivu ya Hughes mwenyewe yako chini ya sakafu ya maktaba ya Schomburg, Harlem, na sakafu hiyo imechorwa mito yake.

Baada ya 1961 washairi wengi weusi wa kule waligeuza uso kuelekea Afrika ya Mashariki. Hughes mwenyewe alikwenda Makerere, Kampala, Juni 1962, akaketi na Achebe, Soyinka na Ngugi, ambaye alikuwa bado mwanafunzi. LeRoi Jones akawa Amiri Baraka. Don L. Lee wa Chicago, mwenye nyumba ya uchapishaji ya Third World Press, akachukua jina la Haki Madhubuti mwaka 1974. Gwendolyn Brooks, mtu mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1950, alisafiri Kenya na Tanzania 1971. Kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya kujikomboa. Kwetu Katanga, wakati wa mkoloni, kilikuwa lugha ya kambi za Union Minière, lugha ambayo msimamizi aliamrishia kazi. Lakini wazee wetu katika kambi hizo walikigeuza. Walikiimbia.

Ndiyo maana sitaki tubaki wasikilizaji tu wa mashairi ya wengine. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mashine ya kurekodi, alimkuta hapa Likasi, wakati huo Jadotville, kijana wa Bunkeya mwenye gitaa, Mwenda Jean-Bosco. Akarekodi "Masanga" na nyimbo nyingine. Gitaa la Mwenda lilienda mbali kuliko treni yoyote, na wapiga gitaa wa Marekani na Uingereza wamekaa miaka wakijaribu kujua vidole vyake vilipita wapi. Mwaka 1969 akaalikwa kwenye tamasha la Newport, Marekani. Watu husifu vidole, nami nasifu pia maneno. Kiswahili cha nyimbo zake ni cha mtu wa mji wa migodi anayeeleza mapenzi, safari na fedha zilizokwisha, bila pambo, na mimi nayahesabu kuwa ushairi kwa maana ileile ambayo blues za Hughes ni ushairi.

Na mtu aliyelijibu shairi la Lindsay kwa ukamilifu ni mzaliwa wa mji huu. Valentin-Yves Mudimbe alizaliwa Jadotville mwaka 1941. Aliingia utawani akiwa kijana, akatoka, akasoma Louvain, akafundisha chuo kikuu cha Lubumbashi. Watu wanamjua kwa riwaya na falsafa, lakini alikuwa mshairi: *Déchirures* ilitoka 1971, *Entretailles* 1973, *Les Fuseaux, parfois* 1974. Ni mashairi magumu ya Kifaransa, yenye majeraha ndani yake, na yanataka msomaji mwenye subira. Mobutu alipotaka kumwingiza katika uongozi wa chama chake, Mudimbe aliondoka nchini, akafundisha Haverford, Stanford na Duke. Huko, mwaka 1988, akatoa *The Invention of Africa*, kitabu kinachoonyesha jinsi wageni walivyoitengeneza Afrika katika maandishi yao, wasafiri, wamisionari na wataalamu, mpaka hata sisi wenyewe tukaanza kujitazama kwa macho yao. Soma kitabu hicho, kisha soma "The Congo", na utamwona Lindsay amekaa uchi. Mudimbe alifariki Marekani Aprili 2025. Hapa kwetu, katika mji aliozaliwa, msiba wake ulipita kimya kuliko ulivyostahili, na hilo linaniuma.

Nyuma yake amekuja Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi 1981, anayeishi Graz, Austria. Wengi wanajua riwaya yake *Tram 83*. Mashairi yake ya mto, *Le Fleuve dans le ventre*, yalitoka 2013, na mwaka 2021 yakachapishwa kwa Kiingereza na Deep Vellum ya Dallas, Texas. Humo mto Kongo uko tumboni mwa mtu aliye uhamishoni. Unauma, unapiga kelele, unakataa kutoka. Hauna utulivu wa mto wa Hughes, na mimi naona ni haki, kwa sababu Hughes aliuwaza mto kutoka mbali na Mujila ameubeba. Msomaji wa Texas leo anaweza kusoma Kongo iliyoandikwa na mtoto wa Katanga. Mwaka 1914 hakuwa na bahati hiyo.

Imebaki kazi ya kuyaleta mashairi haya katika Kiswahili chetu, yasomwe kwa sauti, maana wengi wetu tunapokea mambo kwa masikio. Tuanze na lile la mito la Hughes. Ni fupi, maneno yake ni mepesi, na mwalimu mwenye darasa la wanafunzi wanaojifunza Kiingereza anaweza kulimaliza kwa juma moja. Walimu wa Likasi na Kapolowe, leteni tafsiri zenu hapa studio, hata kama ni mbili au tatu zinazopingana. Tutazisoma zote hewani na wasikilizaji watasema ipi inaingia sikioni. Kisha tumwendee Mudimbe, ambaye ni mgumu zaidi na ni wetu zaidi. Vitabu vyake vya mashairi ni adimu. Kama kuna aliye nacho kimoja nyumbani, *Déchirures* au kingine chochote, pengine alikiacha babu aliyesoma zamani, naomba atuazime. Tutakisoma kwenye kipindi hiki ukurasa kwa ukurasa, na kitarudi kwake kikiwa salama.